Inteki ya hewa baridi na mvua za masika: maji hupita wapi hadi yakafika ndani ya injini

Kwenye gereji ninayopeleka gari langu, Kinondoni, wiki moja ya Aprili yalisimama magari mawili bega kwa bega. Moja lilikuwa Land Cruiser ya watu wa utalii, bomba jeusi limepanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. La pili lilikuwa Altezza ya mdogo wangu, springi zimeshushwa, na bomba lake la hewa limetoka kwenye injini, likapenya pembeni mwa rejeta, likateremka hadi nyuma ya bampa, jirani kabisa na lami. Yote mawili yamefanyiwa jambo lilelile: mahali injini inapovutia hewa pamehamishwa kutoka pale kiwanda kilipopaweka. Moja limepandishiwa pua, jingine limeshushiwa. Land Cruiser ilikuja kubadilishiwa oili. Altezza ilikuja ikivutwa kwa kamba.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali moja na vijana wengi wanaopenda magari: je, mtu aliyefunga inteki ya hewa baridi, yaani bomba la kuvutia hewa kama lile la Altezza, anaweza kuendesha mvua ikinyesha sana? Wapo wanaoapa kwamba ni kujitafutia hasara, na wapo wanaosema wameendesha masika mitatu na hakuna lililotokea. Nawaamini wote, kwa sababu kila mmoja anasema alichokiona. Tatizo ni kwamba wanazungumzia maji mawili tofauti. Kuna maji yanayoshuka kutoka juu, na kuna maji yaliyotuama barabarani. Injini haiyapokei sawa, na ukiyachanganya utaogopa pasipostahili na kujiamini mahali pa hatari.

Inteki yenyewe ni nini

Injini huchoma mafuta kwa msaada wa hewa, na hewa ya baridi ni nzito kuliko ya moto. Kwa hesabu ya haraka, kila joto linapopungua kwa nyuzi 3 za Selsiasi, uzito wa hewa katika nafasi ileile huongezeka kwa karibu asilimia 1. Ukikwama kwenye foleni mchana, hewa iliyo chini ya boneti inaweza kufika nyuzi 60 wakati ya nje ni 30. Tofauti hiyo ni karibu asilimia 10 ya uzito wa hewa. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuitoa filta nje ya joto la injini na kuipeleka inakopulizwa na upepo.

Madukani utakuta aina mbili, na wauzaji wengi huziita jina moja. Ya kwanza ni fupi: bomba la alumini la urefu wa mkono hivi, filta ya koni mwishoni, vyote vikibaki chini ya boneti. Hii inavuta hewa ya moto, lakini iko juu. Ya pili ni ndefu: bomba linashuka hadi ndani ya fenda au nyuma ya bampa, na filta inakaa huko chini. Hii ndiyo inayostahili jina la hewa baridi, na ndiyo yenye kesi na maji. Kwa hiyo kabla ya kubishana na mtu kuhusu mvua, muulize kwanza filta yake iko wapi.

Kuhusu nguvu inayoongezeka nitasema kidogo tu. Kwenye gari ambalo halijaguswa kitu kingine, faida ni ndogo, na utaisikia zaidi masikioni kuliko mgongoni. Sauti ile ya injini ikivuta hewa unapokanyaga mafuta ni tamu, naipenda, na simlaumu kijana aliyeitolea pesa.

Sasa tazama boksi la plastiki la kiwandani lililokuwa na filta, lile ambalo fundi hulitoa na kulitupa pembeni anapofunga inteki. Ukilitazama utaona mdomo wake ulikuwa juu, karibu na taa au juu ya rejeta, na njia yake ina kona mbili tatu. Wengi huziona kona hizo kama uzembe wa kiwanda unaoibana injini. Kumbe zina kazi. Moja ni kupunguza kelele. Nyingine ni kutenganisha maji na hewa: hewa ni nyepesi, inapinda kona bila shida, lakini tone la maji ni zito, linakwenda moja kwa moja, linagonga ukuta wa plastiki na kuteremka. Chini ya boksi, kwenye magari mengi, kuna tundu dogo la kuyatoa maji hayo. Pua iliyo juu, kona na tundu: vitu vitatu vya kuikinga injini na maji vimo ndani ya boksi ambalo watu huliuza kama chakavu. Inteki ndefu huviondoa vyote vitatu kwa mkupuo.

Maji ya juu

Hata hivyo, mvua peke yake haiizamishi injini, hata ile mvua ya masika inayokufanya usimame pembeni kwa sababu huoni barabara. Tupige hesabu pamoja.

Mvua ya milimita 50 kwa saa ni mvua kubwa kweli. Kwenye kila mita moja ya mraba inamwaga lita 50 kwa saa, yaani karibu gramu 14 kwa sekunde. Matone makubwa huanguka kwa kasi ya mita 7 hivi kwa sekunde. Gawa, utapata kwamba mita moja ya ujazo ya hewa, katikati ya mvua ile, imebeba takriban gramu 2 za maji. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku umekanyaga mafuta mpaka mwisho huvuta karibu mita 3 za ujazo za hewa kila dakika. Hata kama kila tone lililomo kwenye hewa hiyo lingeingia ndani, ni gramu 6 kwa dakika, kijiko kimoja cha chai na ziada kidogo. Na hicho kijiko kinagawanywa kwa silinda 4, kila moja ikivuta pumzi mara 1,500 katika dakika hiyo. Kila pumzi inapata miligramu moja ya maji. Hayo hugeuka mvuke na kutokea kwenye ekzosi.

Kuna watengenezaji waliokwenda mbali zaidi na kuyaingiza maji kwa makusudi. Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962 ilikuwa na tangi dogo la maji yaliyochanganywa na alkoholi ya methanoli, yakinyunyizwa kwenye injini yake ya tabo (feni inayosukumia hewa ndani ya injini kwa nguvu) ili kupoza mwako. BMW M4 GTS iliyotoka zaidi ya miaka 50 baadaye nayo inanyunyiza maji. Kinachotenganisha faida na maafa ni kipimo, na kipimo chenyewe ni kama ukungu.

Mvua ina makosa yake madogo ambayo inafaa kuyajua. Filta ya karatasi ikilowa chepechepe inavimba na kubana njia ya hewa. Gari linakuwa zito, halivuti. Filta ya pamba iliyopakwa mafuta inastahimili zaidi, lakini ukiipaka mafuta kupita kiasi yanarushwa hadi kwenye sensa ya kupima hewa, ile yenye waya mwembamba wenye moto, na matone ya maji yakifika hapo yanaivuruga vilevile. Taa ya cheki injini inawaka, mzunguko unapanda na kushuka gari likiwa limesimama. Ni usumbufu unaotibika kwa kukausha na kusafisha.

Kosa kubwa zaidi la siku za mvua liko mahali ambapo wengi hawatazami. Ili filta kubwa ienee ndani ya fenda, baadhi ya mafundi huondoa plastiki ya ndani inayokinga matope ya tairi, na hawairudishi. Filta inabaki uso kwa uso na gurudumu. Kwenye lami yenye maji, tairi linafanya kazi kama pampu, linarusha maji na mchanga kwenye filta kilomita baada ya kilomita. Maji hayo si miligramu tena. Na kama bomba lina sehemu iliyobonyea kwa chini, yanaweza kujikusanya pale, yakatulia, halafu yakanyonywa yote kwa pamoja siku utakapokanyaga mafuta kwa nguvu kulipita lori. Kama umefunga inteki ndefu, lala chini leo uangalie ile plastiki ipo.

Maji ya chini

Hapa ndipo penye mambo. Wauza kahawa wa Kariakoo wana vikombe vidogo vya udongo mweupe, ukikishika kinajificha kwenye kiganja. Kahawa iliyomo haizidi vijiko vinne vya chakula. Kumbuka kikombe hicho.

Injini ya 3S-GE iliyomo kwenye Altezza ya mdogo wangu ina silinda 4 na ujazo wa cc 1,998, kwa hiyo kila silinda ni karibu cc 500. Uwiano wa mgandamizo wake ni 11 na ushei kwa 1. Maana yake pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki kati yake na hedi (kifuniko cha juu cha silinda), mahali hewa yote ile ilipobanwa, ni chini kidogo ya cc 50. Kikombe kimoja cha kahawa. Hewa inakubali kubanwa ndani ya nafasi hiyo. Maji hayabanwi. Yakiingia zaidi ya kikombe kile katika silinda moja, valvu zikajifunga, pistoni inapanda na kukuta ukuta kabla haijafika mwisho wa safari.

Pistoni hiyo husafiri milimita 86 kwenda na 86 kurudi, na injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 wastani wa mwendo wake ni zaidi ya mita 8 kwa sekunde. Nyuma yake kuna krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), flaiwili (gurudumu zito lililofungwa mwisho wa mhimili huo), silinda nyingine tatu zinazosukuma, na gari zima lenye uzito wa tani moja na zaidi linaloendelea kwenda mbele. Vyote vinamwambia pistoni apande. Maji yanamwambia hapana. Kilicho katikati ni konrodi, mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, nacho hukunjika. Mafundi wetu husema injini imekunywa maji, na neno hilo ni sahihi kuliko majina mengi ya kitaalamu.

Maji yanapandaje kutoka kwenye dimbwi hadi juu kwenye injini? Kwa njia ileile unayonywea dafu kwa mrija. Filta ikiwa imefunikwa nusu, injini bado inapata hewa kupitia nusu ya juu, na dereva hahisi chochote. Hapo ndipo panapodanganya, kwa sababu gari linavuta vizuri mpaka sekunde ya mwisho. Filta ikizama yote, injini haisiti kuvuta. Mkandamizo ndani ya bomba unashuka, na maji yanapanda kujaza pengo. Ili kuyapandisha sentimita 60, ambayo ni safari ya kawaida kutoka kwenye bampa hadi juu ya injini, mkandamizo unahitaji kushuka kwa asilimia 6 tu. Injini inayovuta lita kadhaa kwa sekunde inafanya hivyo mara moja. Tabo haikuokoi: yenyewe nayo inavuta kutoka kwenye bomba hilohilo, na kipoza hewa chake kilicho chini mbele ni mahali pengine pa maji kujikusanya.

Kisha kuna wimbi. Gari likiingia kwenye maji linayasukuma mbele yake, na maji yanapanda juu zaidi hasa pale mbele ya bampa, mahali filta ilipo. Kina ulichokiona kwa macho ukiwa umesimama sicho kina ambacho filta yako itakutana nacho. Ukiingia kwa kasi wimbi linapanda juu ya namba ya gari. Na hata ukiingia polepole kama inavyotakiwa, huna mamlaka juu ya lori linalokuja upande wa pili.

Ilivyomkuta mdogo wangu

Ilikuwa jioni, anatoka kazini, Barabara ya Kawawa. Wenyeji wa Kinondoni wanajua maji yanavyojaa pale Mkwajuni mvua ikikolea. Alisimama, akatazama magari mengine yakipita, akaona maji hayajafika katikati ya magurudumu yao. Akaingia kwa gia ya kwanza, taratibu. Hadi hapo hakuna baya alilofanya, isipokuwa hakujua namba moja.

Lori lilikuja upande wa pili bila kupunguza mwendo. Wimbi lake likapiga bampa, likapanda hadi kwenye boneti. Anasema injini haikutetemeka wala kukohoa. Ilizima kama taa umeme unapokatika. Akashtuka, akawasha. Stata ikagonga mara moja, kavu, ikagoma. Akasubiri kidogo, akawasha tena. Watu wakamsaidia kusukuma hadi pakavu.

Kesho yake nilikuwapo fundi alipofungua plagi. Aliweka spana kwenye puli ya krenki, akazungusha kwa mkono, na kwenye tundu la silinda ya pili maji ya kahawia yakaruka hadi kwenye ukuta. Filta ilipotolewa nyuma ya bampa, ilikuwa nzito kama kitambaa cha kudekia ambacho hakijakamuliwa, na ndani yake kulikuwa na kipande cha mfuko wa plastiki na jani la mwarobaini. Fundi akaniambia, “Kaka, hii haikunyeshewa. Hii imekunywa.”

Injini iliposhushwa na kufunguliwa, alizipanga konrodi zote nne juu ya kipande cha katoni, zikiwa zimepanguswa. Kwa mbali zote ni sawa. Ukiinama utaona ya pili ina mpindo kidogo kiunoni, kama mtu aliyesimama huku mgongo unamuuma. Akaisimamisha kando ya ya tatu: fupi kwa unene wa sarafu, milimita 2 hivi. Nikamuuliza kama ilipinda wimbi lilipopiga au mdogo wangu alipowasha mara ya pili. Akasema hawezi kujua, na kwamba ndiyo maana gari likizimika ndani ya maji mtu asiguse ufunguo. Huenda mara ya kwanza ilinusurika, kwa sababu alikuwa anakwenda polepole. Kuwasha tena ni kuvuta maji yaliyobaki kwenye bomba na kuyapeleka kwenye silinda ambazo zilikuwa kavu.

Namba ambayo mdogo wangu hakuijua tuliipata kwa futi ya fundi, siku hiyohiyo. Kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa filta: sentimita 27.

Namba yako ni ngapi

Nadhani hili ndilo swali ambalo mwenye inteki anapaswa kuwa na jibu lake kichwani, kama anavyojua upepo wa tairi zake. Chukua futi, egesha gari mahali tambarare, pima kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya filta. Kama umeshusha springi baada ya kufunga inteki, pima upya, maana kila sentimita uliyoishusha gari umeishusha na filta.

Kisha linganisha. Gurudumu lenye tairi ya 205/55 R16 lina kimo cha sentimita 63, kwa hiyo kitovu chake kiko sentimita 31 hivi kutoka chini. Kanuni ya zamani ya madereva, kwamba usiingie maji yanayofika kitovu cha gurudumu, ilitungwa kwa magari yenye pua juu. Kwa filta iliyo kwenye sentimita 27, maji yanayofika kitovu tayari yameingia kwenye filta gari likiwa limesimama, kabla ya wimbi lolote. Ukitoa nafasi ya wimbi, mimi nisingeingia kwenye maji yanayozidi nusu ya kimo hicho, yaani sentimita 13 au 14. Hiyo ni juu kidogo ya ukingo wa chini wa rimu ya inchi 16. Kwa maneno mengine, rimu ikianza kulowa, geuza.

Na kama maji yana mwendo, sahau inteki, sahau hesabu zote hizi. Idara ya hali ya hewa ya Marekani inawaonya madereva wake kwamba maji yanayokwenda yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kulibeba gari dogo. Jangwani, Mto Msimbazi ukifurika na kuvuka Barabara ya Morogoro, hata mabasi ya mwendokasi husimamishwa. Hapo kinachogombewa si konrodi tena.

Nini cha kufanya na inteki yenyewe? Ushauri wangu kwa mtu wa Dar ni mmoja, nao hauna gharama: usiuze boksi la kiwandani. Machi ikiingia, lirudishe, Juni litoe. Kwa magari mengi ni kazi ya nusu saa, spana namba 10 na bisibisi ya kukaza klipu. Vuli za Oktoba hadi Desemba nazo ziangalie, maana kuna mwaka zinapiga kuliko masika. Baadhi ya inteki ndefu zimetengenezwa kwa vipande viwili. Hizo unaweza kuondoa kipande cha chini na kuifunga filta juu, ikawa inteki fupi kwa msimu. Utapoteza ile hewa baridi, lakini siku ya mvua hewa yenyewe imeshapoa.

Kuna vitu viwili vinavyouzwa kama dawa. Kimoja ni soksi ya kitambaa kinachokataa maji, inavalishwa juu ya filta. Inafaa kwa maji ya kurushwa na tairi na kwa matope, nami ningeifunga. Kwa filta iliyozama haina msaada, kwani kitambaa kinachopitisha hewa kitapitisha na maji yakivutwa kwa nguvu. Kingine ni valvu ya kupitishia hewa, ambayo kampuni ya AEM ya Marekani iliifanya ijulikane. Inafungwa katikati ya bomba, juu. Filta ikizama na mvuto ukizidi, valvu inafunguka yenyewe na kuingiza hewa ya chini ya boneti, hivyo injini inapumua pale badala ya kuvuta maji. Ni wazo zuri, na linafanya kazi kama valvu iko juu mbali na maji. Haifai kwenye injini yenye tabo, na kwenye baadhi ya magari hakuna urefu wa kutosha wa bomba ulionyooka wa kuiweka. Ukiifunga, ichukulie kama mkanda wa kiti. Mtu havai mkanda ili apate kugonga.

Bima isomwe pia. Mabadiliko uliyofanya kwenye gari bila kuitaarifu kampuni yanaipa sababu ya kukataa dai lako, na bomba la alumini linalong'aa ni kitu cha kwanza ambacho mkaguzi atakiona akifungua boneti.

Ikishazima

Zima ufunguo, acha kabisa, tafuta watu wakusukume au uite gari la kuvuta. Kusukuma kwa gia ili iwake ni hatari ileile ya stata, tena kubwa zaidi. Fundi aanze kwa kutoa bomba na kutazama ndani: kama ni kavu baada ya filta, huenda ni sensa au umeme tu uliolowa na una bahati. Kama kuna maji, plagi zote zitoke, mafuta na moto vikatwe, injini izungushwe kwanza kwa mkono, kisha kwa stata, hadi matundu yateme hewa kavu. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, itolewe, oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, ibadilishwe na filta yake kabla injini haijawashwa. Kwa dizeli kazi ni nzito zaidi, kwani hakuna plagi za moto na itabidi zitolewe nozeli au plagi za kupashia joto, na mgandamizo wake mkubwa unaacha nafasi ndogo zaidi pale juu ya pistoni. Kinachotosha kuivunja ni chini ya kikombe cha kahawa.

Hatua ambayo mafundi wengi huiruka ni hii inayofuata. Injini imekaushwa, imewaka, inanguruma vizuri, mwenye gari anashukuru na kulipa. Lakini konrodi iliyopinda kidogo inaweza kuendelea kufanya kazi kwa miezi. Inapinda zaidi kila siku, kidogokidogo, hadi siku moja uko kwenye mwendo inakatika na kutoboa bloku, na hapo hakuna tena injini ya kutengeneza. Njia ya kuigundua ni kupima mgandamizo wa kila silinda, mmoja baada ya mwingine. Konrodi iliyofupika kwa milimita 2 kwenye injini ile ya Altezza inaacha nafasi ya ziada ya cc 11 au 12 juu ya pistoni, na uwiano unashuka kutoka 11 na ushei hadi 9 na ushei. Geji inaliona hilo waziwazi: silinda tatu zinasoma karibu sawa, moja iko nyuma. Kama fundi hana geji, aazime kwa jirani yake. Usichukue gari kabla hajapima.

Altezza ilirudi barabarani baada ya wiki tano, ikiwa na konrodi nyingine na seti mpya ya beringi na gaskiti. Inteki mdogo wangu hakuiuza. Ilikuwa imefungwa kwenye gunia chini ya kitanda chake hadi Juni, ndipo akairudisha. Upande wa ndani wa boneti, karibu na kile kijiti cha kuishikilia, ameandika kwa makapeni nyeupe: 27. Mtu yeyote anayeazima gari huonyeshwa hapo kwanza.